KUTAFUTA KOSA NI KAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ewuaso Kedong, na ndugu mmoja wa genge la njia ya reli



Katibu aliponiomba nije kueleza habari ya gari langu nilidhani anafanya mzaha, maana wengi wenu mlilisikia likikohoa katika barabara hii kwa miezi mitano, na wengine mlilicheka, wala siwalaumu. Lakini Katibu aliniambia hivi: "Usiwaambie habari ya gari. Waambie habari ya pesa." Basi nimekuja kuwaambia habari ya pesa, jinsi nilivyotoa shilingi 72,200 kutibu gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja mwembamba kuliko utambi wa taa.

Mimi si fundi wa magari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaingia kazi ya reli, na hata leo kazi yangu ni njia: mataruma, kokoto, boliti na nyundo. Kwa hiyo sitawafundisha ufundi. Nitawaambia yaliyonipata na niliyojifunza, na mwisho nitaleta ombi mbele ya mkutano.

Mnajua jinsi gari lile lilivyopatikana. Oktoba 2019 reli mpya ilipozinduliwa kutoka Nairobi hadi Suswa, wengi wetu tuliona kwamba watu na mizigo watahitaji gari la kuwaingiza huku ndani, katika njia za vumbi ambako basi haliendi. Nilingoja miaka kadhaa nikiweka akiba, kisha nikachukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, shilingi 380,000, unaokatwa katika mshahara kila mwezi. Nikanunua gari dogo la mizigo, la petroli, la silinda nne, lililokwisha kutumika. Asubuhi lilichukua maziwa ya akina mama kwenda Ngong, mchana lilichukua unga na sukari kurudi, na usiku lilichukua mgonjwa akitokea. Mkopo haungoji, ndugu zangu. Gari likilala, makato hayalali.

Mwezi wa saba baada ya kulinunua, gari likaanza kumisi. Nikiwasha asubuhi lilikwenda vizuri. Likipata moto, na hasa nikilipandisha mlima wa kuelekea Ngong, injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, nguvu zikapungua, na ile taa ya injini ikawaka.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza. Alisikiliza kidogo akasema, "Hizi ni plagi." Tukaweka plagi nne mpya, shilingi 3,200. Gari likaenda vizuri siku tatu, kisha likarudia. Fundi wa pili akasema, "Plagi si kitu, hizi ni koili." Tukaweka koili nne, shilingi 18,000. Likaenda vizuri wiki nzima, nikamsifu fundi yule kwa kila mtu, kisha likarudia. Wa tatu akaosha injekta, shilingi 6,000. Siku mbili tu. Wa nne akaweka pampu ya petroli, shilingi 14,000. Hata siku moja halikupona. Wa tano akabadilisha kile kifaa kinachopima hewa inayoingia katika injini, shilingi 11,500. Halikupona vilevile. Ujira wa kazi hizo zote ulikuwa shilingi 12,000, na kuvutwa mara mbili kulinigharimu 7,500. Jumlisheni wenyewe.

Fundi wa sita hakugusa kitu. Alitingisha kichwa akasema injini imechoka, ninunue nyingine iliyotumika kwa shilingi 95,000, au kwanza nijaribu kubadilisha kompyuta ya gari kwa 45,000. Sitataja jina la mtu wala la gereji, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu. Na mtasikia mbele kwamba kosa kubwa lilikuwa langu.

Sasa nitasema jambo ambalo sipendi kulisema. Katika siku hizo, usiku wa manane, jirani yangu alinigongea mlango. Mke wake alikuwa katika uchungu, na katika kituo cha afya walikuwa wamemwambia apelekwe Ngong. Niliwasha gari, likaitika vizuri, tukampakia mama pamoja na mkunga, tukaenda. Katika mlima likaanza kumisi. Nikabadilisha gia, nikaomba Mungu, nikabadilisha tena. Taa ya injini ilikuwa ikiwaka na kuzima. Mahali pa mwinuko mkali gari likasimama kabisa. Tulikaa pale gizani, mama analia, upepo unavuma, mpaka lori la mchanga likaja na dereva wake, Mungu ambariki, akampandisha mbele. Mama alifika, na mtoto yu hai, ni msichana. Lakini jirani yangu kabla ya kupanda lile lori aliniambia maneno haya: "Ndugu, gari lako ni la kwenda sokoni tu." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole, na kwa sababu hiyo neno lile likaniingia zaidi.

Asubuhi nilikwenda kwa baba nikamwambia nataka kuuza ng'ombe wanne ninunue injini. Baba hajaendesha gari maisha yake yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hiyo injini ina ng'ombe wangapi ndani yake?" Nikacheka nikamwambia ina silinda nne. Akasema, "Umewanunulia dawa wote wanne mara tano. Ni yupi aliye mgonjwa?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mafundi watano walikuwa wamefanya kazi, na mimi niliyelipa sikuwahi kuuliza swali ambalo mzee wa ng'ombe aliuliza kabla chai haijapoa. Maana mfugaji hachinji boma zima kwa sababu ya kikohozi kimoja. Huamka asubuhi akatazama ni nani hakusimama pamoja na wenzake, ni nani hakula, ni nani anachechemea.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli, ambaye miaka mingi kazi yake ilikuwa nyaya za umeme katika injini za dizeli zinazovuta gari moshi. Zile injini, kwa wasiojua, dizeli yake haizungushi magurudumu yenyewe. Huzungusha mtambo wa kutoa umeme, na umeme huo ndio unaozungusha mota zilizo kwenye magurudumu. Kwa hiyo mtu aliyeshughulika nazo amezoea kufuata waya. Nikampigia simu. Akaniambia, "Mwanangu, nitakuja. Nitatazama nusu ya siku, na kwa kutazama huko utanipa shilingi 2,500, nikiona kosa au nisipoliona."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mimi niliyekwisha kutoa zaidi ya elfu sabini bila kunung'unika, hapo ndipo niliponung'unika. Nikasema, "Mzee, nilipe pesa za kutazama tu? Hutaweka hata spea moja?" Akaniuliza, "Wewe katika genge lenu, yule anayetembea kukagua njia analipwa?" Nikasema analipwa. "Akirudi jioni amelaza mataruma mangapi?" Nikasema hakulaza hata moja. "Basi kwa nini analipwa?" Nikanyamaza. Sote tunajua kwa nini analipwa. Analipwa kwa sababu ya jicho lake. Boliti moja iliyolegea akiiona leo, treni haitaanguka kesho.

Mzee akaja. Kabla ya kufungua boneti akanitaka nimweleze yote tangu mwanzo, siku kwa siku. Kwa bahati nilikuwa na daftari, maana pale misheni mwalimu wetu alituzoeza kuandika kila senti iliyotoka. Akasoma lile daftari polepole, akaweka kidole chake penye plagi, koili na injekta. "Hizi tatu zilipofanywa gari lilipona kidogo," akasema. Kisha akaweka kidole penye pampu na kile kifaa cha hewa. "Hizi mbili zilipofanywa halikupona hata kidogo. Plagi, koili na injekta ziko mahali pamoja, juu ya injini. Pampu iko nyuma kwenye tangi, na kifaa cha hewa kiko mbali pembeni. Aliyefanya kazi juu ya injini aligusa kitu, na kile kitu kikapona kwa kuguswa, si kwa kutengenezwa."

Nataka mlishike neno hilo, maana mimi lilinishangaza kuliko yote. Tunapoona gari limepona baada ya spea mpya, tunasema ni spea iliyoponya. Pengine ni mkono tu uliosogeza kitu kilicholegea. Siku mbili baadaye kile kitu hurudi kilipokuwa, na wewe pesa zako hazirudi.

Ili muelewe alilolifanya baadaye, nieleze kwanza injini ya petroli inavyofanya kazi, kwa kifupi, kama alivyonieleza mimi. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne, na mpaka leo injini zetu za petroli zinafuata mwendo huohuo. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikivibana, cheche inapiga, moto unaisukuma pistoni chini, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Silinda inahitaji mambo matatu: hewa na petroli kwa kipimo chake, mbano wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosa, silinda ile haifanyi kazi, na hiyo ndiyo tunaita kumisi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga mara 25 katika sekunde moja, na zote nne pamoja mara 100. Kwa hiyo silinda moja ikinyamaza, zile tatu huvuta mzigo wa nne, kama genge ambalo mtu mmoja ameshika chombo lakini hafanyi kazi.

Basi mzee akatoa kimashine kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya usukani. Kikaonyesha alama P0303. Akanieleza kwamba P0300 maana yake injini inamisi bila kuonekana ni silinda gani, na P0301, P0302, P0303 na P0304 maana yake ni silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. "Huyu ndiye ng'ombe mgonjwa," akasema, "namba tatu. Lakini angalia, mashine imetuambia nani, haikutuambia ana ugonjwa gani. Mtu akisoma P0303 akaagiza koili papo hapo, huyo amebahatisha."

Akatoa plagi ya silinda ya tatu na ya pili akaziweka mbele yangu. Ya pili ilikuwa kavu, na ncha yake rangi ya kahawia hafifu. Ya tatu ilikuwa imelowa, inanuka petroli. "Petroli inafika, ila haiungui," akasema. Basi injekta na pampu nikajua hazina hatia, na shilingi 20,000 zangu zilikuwa zimekwenda bure.

Kisha akafanya jambo ambalo ningeweza kulifanya mwenyewe siku ya kwanza. Alichukua koili ya namba tatu akaiweka namba mbili, na ya namba mbili akaiweka namba tatu. Tukaendesha mpaka likamisi. Alama ikawa P0303 ileile. Kama koili ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehama nayo ukaenda namba mbili. Akabadilishana plagi vivyo hivyo. Ugonjwa ukabaki namba tatu. Alibadilisha kitu kimoja tu kila mara, kisha akajaribu. Aliniambia, "Ukibadilisha viwili pamoja, ukapona, hujui aliyekuponya."

Akapima mbano wa silinda zote nne kwa saa ya kupimia. Zote zilikaribiana, na ya tatu haikuwa chini ya wenzake. Nikaona jasho linanitoka nikikumbuka zile 95,000 za injini mpya. Ng'ombe wanne wa baba wangekwenda, na injini ileile iliyokuwa nzima ingetupwa. Tena ile nyingine ingefungwa kwa nyaya zilezile, nayo ingemisi.

Sasa kilichobaki kilikuwa kimoja. Petroli ipo, mbano upo, plagi na koili ni nzima, cheche haipigi. Basi koili haipati amri au haipati umeme. Mzee akashika waya unaoingia katika soketi ya koili ya tatu. Akaupima kwa mita, injini ikiwa imezimwa, na mita ikasema waya ni mzima. Mimi nikakata tamaa. Yeye akacheka. "Waya unalala, kwa hiyo unasema kweli. Tumwamshe." Akawasha injini, na kwa kijiti kikavu cha mti akausukuma ule waya polepole, inchi kwa inchi. Ulipofika vidole viwili kutoka kwenye soketi, injini ikatetemeka. Akauacha, ikatulia. Akausukuma tena, ikatetemeka.

Tukazima, akapasua ganda la plastiki kwa wembe. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, na chache zilizobaki zilikuwa zimegeuka nyeusi. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa, halionyeshi kitu. Kibanio kinachoshikilia nyaya zile kwenye injini kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo katika njia zetu za makorongo waya ulikuwa ukicheza mchana kutwa, mpaka ukakatika ndani kama chuma unachokikunja huku na huku. Injini ikipata moto na ikivuta kwa nguvu mlimani, inaegemea upande, nao ule waya unavutika. Kila fundi aliyechomoa soketi ile akairudisha aliziweka zile nyuzi zikagusana. Siku mbili, siku tatu, wiki, kisha zikaachana.

Soketi nyingine yenye nyaya zake ilikuwa shilingi 600. Mzee akaiunga kwa risasi, akaivisha mpira, akafunga kibanio kingine, akauachia waya ulegee kidogo usivutwe. Pamoja na ujira wake, shilingi 3,100. Gari halijamisi tena tangu siku ile, nalo limepanda mlima ule mara zisizohesabika.

Ndugu wanachama, sasa naja kwenye neno ambalo hasa ndilo nililolileta. Kosa lilikuwa la nani? Zamani nilikuwa nikisema ni la mafundi. Leo nasema mwanzo wa kosa ulikuwa kwangu. Kwa nini? Kwa sababu nilipofika kwa fundi nilitaka jibu kwa dakika tano, na nilitaka kumlipa kwa kitu ninachokiona mkononi. Fundi ni mfanyakazi kama sisi. Ana watoto na kodi ya nyumba. Akitumia saa tatu kutafuta kosa, sisi wateja tunamwambia, "Hujafanya kitu, chukua mia." Akiweka spea kwa dakika ishirini, tunamlipa bila neno. Basi tumemfundisha wenyewe asitafute, bali auze. Sisi katika chama hudai kila siku kwamba ujuzi wa mfanyakazi ulipwe. Inakuwaje tukiwa wateja tunakataa kuulipa ujuzi wa mwenzetu? Tukikataa kulipa jicho, tutalipa spea, na jicho ni rahisi kuliko spea.

Lakini na fundi naye ana wajibu wake, na sheria ya nchi inasema hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Tena iko Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, ambayo ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari: kupewa makadirio ya gharama, kutofanywa kazi bila idhini yako, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa katika gari lako. Mimi sikudai hata moja kati ya hizo. Koili zangu nne za kwanza, ambazo sasa najua zilikuwa nzima, ziko wapi? Niliziacha pale pale.

Kwa hiyo nawaachia mambo haya, muyaandike.

La kwanza, gari likianza kumisi, andika: ni likiwa baridi au likiwa na moto, mlimani au tambarare, siku ya mvua au ya vumbi, na nini kilifanywa kabla yake. Daftari la shilingi chache liliona zaidi ya mafundi watano.

La pili, isomeshe kompyuta ya gari na uandike alama yake kabla mtu hajaifuta. Mtu akifuta bila kuandika, amefuta ushahidi.

La tatu, usinunue kitu ambacho unaweza kukijaribu kwa kukibadilishana na jirani yake. Silinda nne zina koili nne na plagi nne. Nusu ya vipimo unavyovihitaji tayari viko ndani ya gari lako. Badilisha kimoja kimoja.

La nne, kama alama haihami, tazama nyaya, soketi, waya wa arthi unaounga injini na bodi, na mipira ya hewa iliyopasuka. Vumbi letu la hapa Kedong ni laini kama unga na huingia kila mahali, nazo njia zetu hutikisa kila kitu. Hivi huharibika kabla ya injini.

La tano, usichomoe waya wa koili kwa mkono injini ikiwa inazunguka. Koili huchukua volti 12 za betri ikazifanya maelfu kwa maelfu. Tena taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, usilazimishe gari. Petroli isiyoungua huenda kuungulia katika kile chombo cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, nacho hupata moto kupita kiasi kikaharibika, na bei yake itakulaza macho. Nami usiku ule niliilazimisha, kwa sababu ya mama yule, na ningefanya vile tena. Lakini siku nyingine zote nililazimisha kwa ubishi tu.

La sita, patana na fundi kabla ya kuanza: kutafuta kosa ni kiasi gani, spea ni kiasi gani, na vile vya zamani nivirudishiwe. Mwambie, "Fundi, nakulipa kwanza unionyeshe kosa kwa macho yangu, ndipo tununue." Fundi mwema atafurahi. Asiyefurahi, mshukuru uende zako.

Na sasa ombi langu. Katika mkutano huu tuko watu kadhaa wenye magari au pikipiki za mkopo, na makato yetu yanatoka katika mishahara ileile midogo. Kama wanachama 40 wakitoa shilingi 300 kila mmoja, hizo ni shilingi 12,000. Naomba tununue pamoja kimashine cha kusoma alama, saa ya kupimia mbano na mita ya umeme, vikae kwa Katibu, mtu aviazime kwa kuandika jina lake. Tena naomba tumwombe yule mzee mstaafu aje Jumamosi moja kwa mwezi kutufundisha, na kwa kufundisha huko tumlipe. Nasema tumlipe, maana tusipomlipa mimi nitakuwa sikujifunza neno lolote.

Mtoto yule wa usiku ule sasa anatambaa. Juzi baba yake alikuja kwangu akaniomba nimpeleke mama yake mzee hospitali, Ngong, alfajiri. Hakusema neno lingine lolote, alifungua tu mlango wa nyuma akaingia. Tulipofika kwenye ule mlima wote tulinyamaza, tukisikiliza injini. Ilipanda mpaka juu.

Bwana Mwenyekiti, naomba ombi hili lijadiliwe leo.